Afya ya Mwili: Maumivu ya Mguu Yanayoanzia Mgongoni

Katika mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika msimu mkubwa wa kuchuma huwa kati ya Oktoba na Desemba. Siku hizo wachumaji hutoka alfajiri, huinama chini ya miti hata jua likawa la utosi, kisha huinua magunia yao na kuyapeleka kwenye mizani. Ujira wao huhesabiwa kwa debe, na asiyejaza debe hapati kitu. Kwa hiyo mchumaji apatwaye na maumivu ya mguu katikati ya msimu huingia katika taabu mbili kwa mara moja, moja ya mwili na moja ya riziki.

Maumivu yanayozungumzwa hapa yana dalili zake. Huanza kiunoni au katika tako moja, huteremka nyuma ya paja, hupita gotini, na mara nyingi hufika katika shavu la mguu au hata katika vidole. Wengine hueleza kuwa ni kama moto, wengine kama umeme, na wengine kama sisimizi wanaotambaa chini ya ngozi. Aghalabu huwa upande mmoja tu. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya huzidi, na akikaa kitako muda mrefu huzidi vile vile.

Watu wengi huyaita baridi yabisi. Mama mmoja mtu mzima huenda hospitalini akaomba dawa ya kuchua goti, na daktari baada ya kumtazama humwambia, "Mama, goti lako ni zima. Kinachokuuma kiko mgongoni." Naye hustaajabu, kwa kuwa mgongo wenyewe pengine haumwumi hata kidogo. Mambo ya kufaa kujua juu ya ugonjwa huu yanaanzia hapo.

MSHIPA MKUBWA KULIKO YOTE

Katika Kiswahili neno mshipa lina maana nyingi. Iko mishipa ya damu, na uko mshipa wa ngiri. Unaohusika hapa ni mshipa wa fahamu, ambao madaktari huuita neva. Kazi yake ni kupeleka amri za ubongo kwenye misuli, na kurudisha ubongoni habari za joto, baridi, mguso na uchungu.

Neva kubwa kuliko zote mwilini huitwa siatiki. Kila mtu anazo mbili, moja kwa kila mguu. Mizizi yake hutoka katika sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ikaungana ndani ya nyonga kuwa kamba moja yenye unene unaokaribia kidole, ikapita chini ya misuli ya tako na kuteremka nyuma ya paja, kisha ikagawanyika karibu na goti. Mzizi wake ukibanwa kiunoni, ubongo hupokea habari ya uchungu kana kwamba umetoka mguuni.

Daktari Domenico Cotugno wa Napoli, katika nchi ya Italia, aliandika kitabu juu ya maumivu haya mwaka 1764, akaonyesha kuwa yanatokana na neva wala si na kiungo cha nyonga. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko nyingine haikueleweka vizuri mpaka mwaka 1934, madaktari wawili wa Boston huko Marekani, Mixter na Barr, walipoeleza habari za kisahani cha uti wa mgongo kinachotoka mahali pake.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu. Nje yake ni kigumu, kama kamba zilizosokotwa tabaka kwa tabaka. Ndani yake ni laini, kama uji mzito. Kazi yake ni kupokea uzito, ili mfupa usisage mfupa. Tabaka za nje zikichakaa na kupata ufa, ule ulaini wa ndani husukumwa nje. Ukigusa mzizi wa neva, huubana na kuuwasha hata ukavimba, na mguu ukaanza kuuma.

Ziko sababu nyingine pia. Kwa wazee, tundu linalopita neva huweza kuwa jembamba kwa ajili ya mifupa kuota vinundu. Mzee wa namna hiyo huumwa miguu akitembea, na akiinama au akikaa hupata nafuu. Pengine pingili moja huteleza mbele ya nyingine. Na yapo maradhi mawili ambayo mkulima wa Kenya yampasa kuyakumbuka. La kwanza ni kifua kikuu, ambacho huweza kushambulia pingili za mgongo hata kwa mtu asiyekohoa. La pili ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu hasa kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika bila kinga ndama aliyetoka kabla ya siku zake. Maumivu ya mgongo yakifuatana na homa, jasho la usiku na kukonda, si kazi ya kisahani, na dawa ya kuchua haitayaondoa.

WANAOPATWA ZAIDI

Mchumaji wa kahawa hayuko peke yake. Yuko mkata mawe wa machimbo ya Ndarugu karibu na Juja, na kibarua anayepandisha simiti katika majengo ya Ruiru, mji ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na watu karibu nusu milioni na ambao nyumba zake nyingi zimesimama palipokuwa na mashamba ya kahawa. Mfuko mmoja wa simiti una kilo 50. Gunia la mahindi, kama lipimwavyo nchini Kenya, lina kilo 90. Shirika la Kazi la Mataifa lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe mzigo mwepesi kuliko huo. Gunia la mahindi mgongoni mwa mtu mmoja limepita kipimo hicho mbali sana.

Karani naye asijidhani kuwa salama kwa sababu kazi yake ni kalamu na kompyuta. Katika miaka ya 1960 Daktari Alf Nachemson wa Uswidi aliingiza sindano ya kupimia ndani ya visahani vya watu walio hai, akaona kwamba mtu akikaa huku ameinama mbele, kisahani hubanwa zaidi kuliko akisimama wima. Na akiinama huku anainua kitu, hubanwa zaidi sana. Karani atokaye Thika kwenda Nairobi hukaa ndani ya matatu, hukaa tena ofisini kutwa nzima, na jioni hukaa tena ndani ya matatu katika msongamano wa magari. Dereva hukaa zaidi yake, na gari humtikisa juu ya hayo. Uvutaji wa sigara nao huongeza hatari kwa watu wote hawa.

JINSI YA KUUTAMBUA

Daktari au tabibu wa kliniki hahitaji mashine kubwa ili kuutambua ugonjwa huu. Humlaza mgonjwa chali, akauinua mguu wake polepole ukiwa umenyooka. Maumivu yakichomoza na kuteremka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, neva yashukiwa. Kisha humwambia atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Asiyeweza kutembea kwa kisigino, na ambaye maumivu yake yafuata upande wa nje wa mguu mpaka kidole gumba, kwa kawaida ana mzizi uliobanwa karibu na pingili ya tano ya kiuno. Asiyeweza kusimama kwa ncha za vidole, na ambaye maumivu yake yaenda kisiginoni na kwenye kidole kidogo, ana mzizi uliobanwa chini kidogo ya hapo.

Watu wengi hudai wapigwe picha mara moja, na wengine huuza mbuzi ili walipie. Yafaa wajue kuwa picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi neva wala kisahani. Picha ya MRI huvionyesha, lakini nayo huweza kupotosha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote, wakakuta kwamba hata miongoni mwa wenye miaka 20 watu 30 kwa mia walikuwa na kisahani kilichovimba, na miongoni mwa wenye miaka 80 walikuwa 84 kwa mia. Picha ni ya lazima pale daktari anaposhuku jambo kubwa, au anapofikiria upasuaji. Kwa maumivu ya majuma ya kwanza yasiyo na dalili za hatari, fedha hizo zaweza kungoja.

KULALA AU KUTEMBEA?

Zamani wagonjwa waliamriwa walale kitandani majuma mawili au zaidi, na mpaka leo wako wazee wanaotoa shauri hilo kwa nia njema. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walilijaribu. Walichukua wagonjwa 183 wa ugonjwa huu, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lililala kitandani majuma mawili. Kundi la pili liliendelea na shughuli zake kwa kadiri lilivyoweza. Majuma 12 yalipokwisha, katika kila kundi watu 87 kwa mia walikuwa wamepata nafuu. Waliolala hawakupata faida yoyote juu ya wenzao.

Kwa mchumaji wa Ruiru habari hiyo ina thamani ya fedha. Akilala majuma mawili atakosa ujira wa majuma mawili, misuli yake italegea, na mwisho hatakuwa amepona upesi kuliko jirani yake aliyetembea. Lakini kutembea si kubeba gunia. Mgonjwa asiinue mizigo wala asiiname muda mrefu katika siku za maumivu makali. Atembee mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, aongeze kidogo kidogo, na apumzike maumivu yakizidi. Kama mnyapara aweza kumpa kazi ya kuchagua kahawa mbivu na mbichi, akawa anabadilisha kusimama na kukaa, amemsaidia mfanyakazi na shamba pia.

Usiku mgonjwa alale ubavu, aweke mto au blanketi iliyokunjwa kati ya magoti. Au alale chali, mto ukiwa chini ya magoti. Kitambaa chenye joto kikiwekwa kiunoni huwafaa wengi. Mtaalamu wa tiba ya viungo aweza kumfundisha mazoezi yanayomfaa, maana zoezi linalomsaidia mmoja huweza kumzidishia mwingine. Maumivu yakipanda kutoka mguuni na kurudi kiunoni, hiyo kwa kawaida ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda.

DAWA NA SINDANO

Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huuzwa katika maduka mengi ya dawa, nazo huwasaidia wengine kidogo. Zitumiwe baada ya chakula, kwa siku chache, na kwa kipimo kilichoandikwa. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ugonjwa wa moyo, na mwanamke mja mzito, wasizinywe bila shauri la daktari. Azinywaye mwezi baada ya mwezi ili aendelee kubeba magunia aweza kuharibu figo zake kwa ajili ya kuuokoa mguu.

Dawa iitwayo pregabalini nayo huandikiwa wagonjwa wengi. Huko Australia ilijaribiwa kwa watu 209 wenye maumivu haya, na matokeo yakatolewa mwaka 2017: haikushinda kidonge kisicho na dawa, bali iliwaletea wengi kizunguzungu. Anayeinywa kwa amri ya daktari asiiache ghafula, amwulize kwanza.

Juu ya sindano, wananchi wengi huamini kuwa sindano ina nguvu kuliko kidonge, nao huomba wachomwe makalioni. Wakumbuke kwamba neva ya siatiki hupita hapo hapo. Sindano ikichomwa katikati ya tako au chini yake huweza kuijeruhi. Huko Uganda madaktari wameandika habari za watoto waliobaki na mguu mlegevu baada ya kuchomwa kwinini makalioni. Mchomaji aliyefunzwa huchagua sehemu ya juu ya tako upande wa nje, au upande wa nje wa paja. Mtu asikubali kuchomwa na asiye na mafunzo, wala asione haya kuuliza.

Upasuaji upo, nao una mahali pake. Huko Uholanzi wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali kwa majuma 6 hadi 12 waligawanywa, wengine wapasuliwe mapema, wengine wangoje. Habari zao zilitolewa mwaka 2007. Waliopasuliwa mapema walitulia upesi zaidi. Katika waliongoja, 39 kwa mia walipasuliwa hatimaye. Lakini mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa: watu 95 kwa mia walisema wamepona. Basi mwenye maumivu yasiyovumilika baada ya miezi miwili aweza kushauriana na daktari juu ya kisu. Na anayeogopa kisu, iwapo hana dalili za hatari, hakosi kwa kungoja.

DALILI ZISIZONGOJA

Yote yaliyosemwa juu ya subira hayahusu dalili zifuatazo. Mgonjwa akishindwa kupitisha haja ndogo, au ikimtoka bila kujua. Akishindwa kuzuia haja kubwa. Akipata ganzi katika msamba na mapaja ya ndani, pale panapogusa kiti cha baiskeli. Au miguu yote miwili ikilegea, aende hospitali kubwa siku ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Maana yake ni kwamba fungu zima la neva chini ya uti wa mgongo limebanwa. Likifunguliwa mapema laweza kupona. Likiachwa, mtu aweza kubaki bila nguvu za miguu na bila uwezo wa kuzuia haja yake maisha yote. Watu huona haya kusema mambo ya haja mbele ya watoto au mbele ya tabibu kijana, na haya hiyo imewagharimu wengine miguu yao. Mtoto akimwona mzazi wake anateseka hivyo, na amwulize kwa adabu, wala asingoje asubuhi.

Zipo nyingine ambazo hazimpi mtu nafasi ya kukawia, ijapokuwa si za saa ile ile: unyayo unaoburuta chini na kushindwa kuinuka, udhaifu unaozidi kila siku, homa na kukonda, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mtini au kugongwa na pikipiki, na maumivu ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani. Watu wa Thika wanayo hospitali ya Thika Level 5, na wa Ruiru wanayo ya Ruiru Level 4. Huko waweza kutazamwa, na wakihitaji zaidi wakapelekwa mbele.

KUUTUNZA MGONGO

Mwaka 1986 wanasayansi, akiwamo Profesa Maloiy wa Nairobi, waliandika habari za wanawake wa Kikikuyu na wa Kijaluo waliopimwa wakitembea na mizigo. Waliona kuwa wanawake hao, wabebao kwa ukanda wa kipaji cha uso au kwa kichwa, waliweza kuchukua mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Dunia ilistaajabu. Lakini sehemu moja ya tano ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12 tu, na mtungi wa lita 20 za maji una kilo 20. Ustadi wa akina mama ni wa kweli, nao una mpaka wake.

Basi mzigo ugawanywe. Gunia moja zito liwe mafungu mawili, na mtungi mmoja mkubwa uwe midogo miwili, kila mkono mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na safari mbili nyepesi hufikisha mzigo ule ule. Anayeinua aukaribie mzigo, akunje magoti, aukumbatie kifuani, kisha ainuke kwa nguvu za miguu. Akitaka kugeuka ageuze nyayo, asisokote kiuno. Mpini wa jembe uwe mrefu wa kutosha, ili mlimaji asiiname mno. Toroli au mkokoteni ukinunuliwa na majirani watano kwa shirika, gharama yake haimlemei mmoja. Karani naye ainuke kila nusu saa, atembee hata hatua ishirini, na kiti chake kiwe cha kuegemeza kiuno.

Waajiri nao wana wajibu ulioandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inakataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Aliyeumia akiinua gunia amjulishe msimamizi upesi, na habari yake iandikwe pamoja na tarehe, kwa kuwa dai lisiloandikwa huwa gumu kuthibitishwa.

Kwa mgonjwa aliye shambani leo, mambo ya kushika ni machache. Aweke gunia chini, atembee polepole, amwambie mnyapara ukweli, na kila siku ajiulize maswali matatu: Je, haja yangu yatoka kama kawaida? Je, msamba wangu wahisi mguso? Je, unyayo wangu wainuka? Akijibu ndiyo kwa yote matatu, atumaini kuwa majuma yatamponya, kama yalivyowaponya wengi kabla yake. Akijibu siyo kwa moja, asiulize bei ya kahawa siku hiyo. Atafute gari aende hospitali.